Sura ya Sita: Stresi ya Nini?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua ya Aprili inanyesha, na steji ya Ruiru imejaa watu waliojikunyata chini ya miavuli. Nauli ya Thika imepanda tangu tone la kwanza lilipoanguka. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi amempa makanga noti ya mia tano na anadai chenji yake. Makanga, mguu mmoja ndani ya gari na mmoja nje, anamjibu huku akiita abiria wengine: "Utapata, mathe. Hakuna stresi."

Nilikuwa nimeketi nyuma ya mama huyo. Kutoka Ruiru hadi Juja aligeuka mara kwa mara kumtazama makanga. Kutoka Juja kwenda mbele aliacha kugeuka, lakini kiganja chake kilibaki wazi juu ya goti kana kwamba chenji ingeangukia hapo yenyewe. Aliipata Thika, baada ya kushuka, kusimama kwenye matope na kuidai mara ya tatu. Kumbe stresi ilikuwapo safari nzima. Ilishushwa tu kutoka kwa mwenye gari ikapakiwa kifuani mwa abiria, na maneno mawili ndiyo yaliyofanya kazi ya upakiaji.

Kiingereza huliandika neno hilo stress. Mimi nitaliandika stresi, maana neno likishakaa nyumbani miaka mingi hivi ni haki yake livikwe nguo za nyumbani.

Mgeni anayeshuka Nairobi hutarajia kusikia hakuna matata. Akija Ruiru au Thika anaweza kumaliza wiki nzima bila kulisikia likisemwa na mtu kwa jirani yake. Atasikia hakuna stresi, bila stresi, wacha stresi, usinistresi. Neno letu la kutuliza moyo lilisafiri likaenda Ulaya na Marekani. Neno lao likaja kukaa kwetu. Yalipishana njiani, na mpishano huo ndio ninaotaka kuufuata hapa, kwa sababu unatuonyesha jinsi tunavyotulizana na jinsi tunavyokwepana.

Tuanze na lililoondoka. Matata ni mambo yaliyotatana. Shika uzi wa kufumia, mpe mtoto auchezee, kisha jaribu kuutumia: umetatana. Kutoka kwenye mzizi huo tuna utata, kutatanisha, kutatiza, tatizo. Tuna pia kutatua, na hapo ndipo lugha ilipoonyesha hekima yake, kwa kuwa kutatua ni kufungua kilichotatana, kama vile kufukua kunavyorudisha nyuma kufukia na kuchomoa kunavyorudisha nyuma kuchomeka. Anayesema "nimetatua tatizo" anasema amekaa chini akafungua uzi. Dawa imo ndani ya jina la ugonjwa.

Hata hivyo, Mswahili wa pwani hakuwa na mazoea ya kusema hakuna matata kila dakika. Alikuwa na si neno, haidhuru, hapana shaka, hamna tabu. Alikuwa na liwalo na liwe kwa siku ambayo mtu ameamua kujitosa, na ponda mali kufa kwaja kwa yule asiyejali kesho. Mtanzania wa leo ana kula bata na kujiachia. Ukienda Goma au Bukavu, matata bado ni neno la kila siku, na wasemaji wa Kilingala nao wanalo. Kongo hata ilipata waziri mkuu mwenye jina hilo, Augustin Matata Ponyo, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2012 hadi 2016. Lakini kwa nini hakuna matata, kati ya maneno yote hayo, ndilo lililopanda ndege?

Jibu ni wimbo. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, vijana wa pwani ya Kenya, walitoa "Jambo Bwana", utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Ulikuwa wimbo wa kumkaribisha mgeni wa hotelini kwa maneno machache ambayo angeweza kuyashika kabla likizo haijaisha. Mwaka uliofuata Boney M wakarekodi wimbo wao kutokana na huo. Kisha mwaka 1994 ikaja filamu ya "The Lion King", na wimbo mwingine kabisa, muziki wa Elton John na maneno ya Tim Rice, ukalibeba hakuna matata ulimwenguni kote. Mwaka huo huo kampuni ya Disney iliomba kulisajili kama alama yake ya biashara kwa mavazi nchini Marekani, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 Mzimbabwe Shelton Mpala alipoanzisha ombi la kupinga usajili huo, maelfu kwa maelfu ya watu walitia saini.

Watu walikasirikia umiliki, nami niliwaunga mkono. Ila kuna hasara nyingine iliyonihuzunisha zaidi, nayo haikuandikwa kwenye ombi lolote. Kwa mwenyeji wa hoteli, hakuna matata ilikuwa ahadi ya mtu kwa mtu: wewe mgeni wangu, hapa nilipo mimi hakuna kilichotatana, na kikitatana nitakifungua. Tazama sarufi yake. Hakuna ina ile ku ya mahali. Inasema juu ya mahali na watu waliopo hapo. Katika filamu neno limekuwa falsafa ya mtu mmoja aliyeamua kutojali yaliyompata. Mgeni anayelirudisha kwetu akiwa amelivaa kifuani haahidi mtu chochote. Anaeleza jinsi yeye anavyoishi. Nadhani hiyo ndiyo sababu mtu wa Thika halitumii tena: limekuwa neno la kuuzia vinyago.

Sasa lililokuja.

Stress ya Kiingereza ni ndugu ya distress, na babu yao ni neno la Kilatini lenye maana ya kilichokazwa, kilichobanwa. Kwa muda mrefu wahandisi ndio waliolitumia kwa uhakika: uzito unaokaza daraja, nguvu inayovuta waya. Aliyelihamishia mwilini, au tuseme aliyelipa umaarufu huko, ni Hans Selye, daktari aliyezaliwa Vienna mwaka 1907 na kufanya kazi Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya. Aliwatesa kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa sumu, kwa kuwachosha kupita kiasi, na akaona kwamba miili yao iliitikia kwa namna moja: vidonda tumboni, tezi za juu ya figo zimevimba, tezi nyingine zimesinyaa. Baadaye akaita hali hiyo stress, na mwaka 1956 akaandika kitabu kwa ajili ya watu wa kawaida. Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano zote zililichukua neno kama lilivyo. Selye alifariki Montreal mwaka 1982, mwaka ule ule ambao Them Mushrooms walitoa wimbo wao.

Sisi hatukuwa na upungufu wa maneno. Wataalamu walitunga msongo wa mawazo, na msongo unatoka kwenye kusonga, kubana. Walimu wa fonetiki walikuwa tayari na mkazo, ule unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini tazama yale ya zamani zaidi, yaliyotoka Uarabuni. Dhiki asili yake ni wembamba, mahali finyu asipoweza mtu kupita. Shida ni ukali, na mzizi wake unahusu kukaza, kama unavyokaza kamba. Hata faraja, inayofuata dhiki katika methali, asili yake ni mwanya, upenyo. Baada ya dhiki faraja: baada ya kubanwa, ukuta unaachia nafasi. Mlatini, Mwarabu na Mswahili hawakukutana wakapatana, lakini wote walipotaka kuitaja taabu ya moyo waliifikiria kamba iliyokazwa kifuani. Wasiwasi peke yake ndio uliokwenda njia nyingine: ni mnong'ono, sauti inayokunong'oneza sikioni. Asemaye bila wasiwasi anasema hakuna anayemnong'oneza.

Basi kwa nini kijana wa Ruiru, mwenye dhiki, shida, wasiwasi na msongo mkononi, alikwenda kukopa neno la tano?

Nimeliwaza swali hili nikiwa kwenye barabara yenyewe. Barabara Kuu ya Thika, takriban kilomita 50 za lami pana, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, na ilibadilisha Ruiru kuliko kitu kingine ninachokijua. Mashamba ya kahawa yaligeuka maploti, maploti yakaota ghorofa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, ukawa wa nne nchini nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika, mji mkongwe wa viwanda uliopata reli mwaka 1913, ulikuwa na 251,407. Watu wengi wa Ruiru wametoka kwingine. Mmoja wao amepanga keja ya chumba kimoja, hamjui anayeishi mlango wa pili, analipa kodi kabla ya tarehe tano, anaamka gizani kuwahi gari la Nairobi na kurudi gizani. Deni la simu linamngoja, tokeni za stima zimekwisha, na Januari inapofika anaiita Njaanuari.

Mtu huyo ukimuuliza ana nini, hana neno moja la kizamani linalomtosha. Akisema ana shida, utadhani anataka kukopa pesa. Katika Kiswahili cha mjini, "nina shida" ni mlango wa ombi, na anayesikia huanza kuhesabu mfukoni. Akisema dhiki, anasikika kama mahubiri. Wasiwasi ni wa mtu mwoga. Msongo wa mawazo ni wa mtangazaji wa redio. Na akiwa na mzee wake kijijini akatumia Kikuyu, thĩna ni taabu na pia ni umaskini. Mũthĩni ni maskini. Mzee anayeuza viazi Makongeni, Thika, ukimwomba akufungie gunia vizuri, atakujibu hatirĩ thĩna kwa moyo mweupe. Lakini kijana hawezi kumwambia rafiki yake kwamba ana thĩna bila kujitangaza fukara.

Stresi haikuwa na mzigo huo. Ilikuja bila ukoo. Unaweza kuwa na stresi ukiwa na pesa au huna. Unaweza kuwa nayo kwa ajili ya kodi, mtihani, mpenzi, mama mgonjwa, au bila sababu unayoweza kuitaja. Haikuombi pesa wala haikushushii hadhi. Kwa mwanamume hasa, ambaye amelelewa kuambiwa mwanamume halii, neno hili lilimfungulia kadirisha: "Buda, niko na stresi." Maneno manne, na heshima yake imebaki mahali pake. Naliheshimu neno hili kwa kazi hiyo. Kuna wapenzi wa Kiswahili wanaoudhika wanapolisikia. Mimi sina ugomvi nalo, kwa sababu nimeona likimpa mtu sauti pale ambapo maneno yetu mazuri yalimwacha bubu.

Ila neno lililokuja kutaja maumivu halikukaa hapo. Lilikanushwa, na ukanusho ukawa maarufu kuliko neno lenyewe. Sikiliza jinsi unavyotumika.

Matumizi ya kwanza ni starehe. Jumamosi jioni pale Kamakis, kando ya Bypass, moshi wa nyama choma unazuia hata taa za barabarani. Watu wamekuja kutoa stresi. Ni msemo wa kawaida sasa, natoa stresi, na maana yake ni kula, kunywa, kupiga kelele na wenzako. Napenda kitenzi hicho, kutoa, kana kwamba ni mwiba. Anayeulizwa anaishije hujibu bila stresi, na hapo neno limeondoka kwenye jambo likawa namna ya kuishi, karibu na ile raha mustarehe ya wazee. Siku hizi kuna pia "soft life", maisha laini, iliyoingia kupitia mitandao miaka michache iliyopita. Ndugu hawa wawili hawafanani. Bila stresi haina bei. Mtu asiye na kitu anaweza kuisema akiwa ameketi kwenye jiwe. Maisha laini yanahitaji picha: gari, hoteli, sahani yenye chakula kisichoshibisha. Nimewaona vijana wakipata stresi kwa kutafuta ulaini huo, na nawahurumia.

Matumizi ya pili ni adabu. Umemkanyaga mtu ndani ya matatu, unasema pole, anajibu hakuna stresi. Fundi amechelewa, umemwelewa, unamwambia hakuna stresi, brathe. Hapa neno limechukua kiti cha haidhuru na si neno, na limekikalia vizuri. Mwenye haki ndiye anayelitamka. Aliyekanyagwa anamsamehe aliyemkanyaga.

Matumizi ya tatu ni yale ya makanga. Sasa anayelitamka ni mwenye kosa. Aliyechelewesha chenji ndiye anayemwambia mwenye chenji asiwe na stresi. Fundi aliyekula malipo ya awali, mwenye nyumba ambaye bomba lake limepasuka wiki ya pili, karani ambaye faili yako haionekani: wote wanajua kusema hakuna stresi. Umbo la sentensi ni lile lile, lakini mwelekeo umegeuka. Msamaha umegeuka kuwa amri. Na ndani ya amri hiyo kuna ujanja ambao matata isingeuruhusu. Ukimwambia mtu hakuna matata na uzi umetatana mbele ya macho yenu, umesema uongo unaoonekana; yuko hapo, anauona. Lakini stresi iko ndani ya kifua. Ukimwambia hakuna stresi na yeye bado anayo, ni kana kwamba kosa ni la kifua chake. Mambo yako sawa, ni wewe unayehangaika.

Hapo ndipo ninaposhikwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo. Yule mama wa ndizi hakuwa na tatizo la moyo. Alikuwa anadai pesa zake.

Matumizi ya nne yananigusa zaidi, kwa kuwa nimeyafanya mwenyewe. Ni pale mtu anaposema "niko na stresi" na mwenziwe anamjibu "stresi ya nini?" Sentensi hii ina sauti mbili. Ukiishusha mwishoni, ukaicheka kidogo, ukampiga begani, maana yake ni: acha hayo, maisha ni mafupi, twende. Ukiisema polepole na kuinua macho, maana yake ni: niambie, ni ya nini? Herufi ni zile zile. Katika Ruiru na Thika nimesikia ya kwanza mara mia kwa kila mara moja ya pili.

Miaka michache iliyopita jirani yangu wa ghorofa ya tatu alinisimamisha kwenye ngazi. Tulikuwa tumezoeana kwa salamu tu. Aliniambia, akitazama ukutani, kwamba siku hizi ana stresi. Nilikuwa na haraka ya gari. Nikamwambia, kwa ile sauti ya kwanza, "Stresi ya nini, buda? Tuko hai." Akacheka. Nikacheka. Nikashuka. Baada ya miezi miwili alihama usiku bila kuaga, na baadaye nikasikia kwamba alikuwa amepoteza kazi wakati ule ule alioniambia. Hakuna aliyejua. Mlango ule alioufungua kwa neno la kukopa niliufunga kwa neno lile lile.

Kuna ambao stresi isiyosikilizwa huwafikisha mbali zaidi ya kuhama usiku. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa imemjibu mtu kama huyo kwa pingu. Mahakama imefanya sehemu yake. Sehemu nyingine haiwezi kuamuliwa na jaji, maana inatendeka kwenye ngazi za maploti, kwenye viti vya matatu, kwenye meza za Kamakis moshi ukiwa mzito, pale mtu anaposema kwa sauti ya chini kwamba ana stresi na kungoja kuona mwenziwe atafanya nini.

Tangu siku ile ya jirani nimejaribu sauti ya pili. Wiki chache baada ya kumwona yule mama wa ndizi, nilipanda gari la Thika jioni, nikaketi karibu na kijana mwenye mkoba wa kazi. Simu yake iliita mara tatu, hakuipokea. Akashusha pumzi, akasema, labda kwa dirisha kuliko kwangu, "Hii stresi, wueh." Nilimuuliza ya nini, nikanyamaza. Tulipita lango la Juja bila jibu. Tulipokaribia Witeithie, kijiji ambacho jina lake kwa Kikuyu ni jisaidie, alianza kunieleza: karo ya mdogo wake, mshahara wa miezi miwili haujalipwa, na baba anayepiga simu kila jioni kuuliza.

Sikuwa na pesa za kumpa, wala hakuniomba. Tulizungumza hadi Thika, tukashuka, tukasimama kando ya steji kama dakika ishirini zaidi, kisha akampigia baba yake.